Gari la zamani linapofufuliwa uani: Injini mpya isigharimu afya ya mtoto

Mwanza. Ni Jumamosi asubuhi katika nyumba moja ya Nyakato. Jua bado halijakaza. Uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo, gari la zamani limepandishwa juu ya stendi, boneti imeegeshwa ukutani na miguu ya baba inaonekana chini ya bampa. Kijana wa kidato cha tatu ameshika tochi. Mdogo wake wa darasa la nne anahesabu nati kwenye kopo la maziwa. Kitinda mimba, mwenye miaka miwili, anatembea pekupeku kuelekea dimbwi dogo jeusi lililo chini ya injini.

Familia hii ni ya mfano tu, lakini ua kama huu si mgeni Mwanza. Kuanzia Igoma hadi Buhongwa, kuna nyumba nyingi ambazo gari bovu limesimama miezi, likisubiri mwenye nalo apate fedha, vipuri au fundi wa Jumamosi. Wengine wana pikapu, wengine wana Peugeot ya babu. Baba wa mfano huu ana ndoto kubwa zaidi. Ana Datsun 240Z, gari la spoti la miaka ya 1970, na anataka kulitoa injini iliyochoka, aweke nyingine yenye nguvu pamoja na gia boksi ya mkono.

Ni kazi nzuri, na kwa familia inaweza kuwa shule. Ila mara nyingi mjadala huishia kwenye bei ya injini na ufundi wa kuifunga. Afya ya wanaoishi ndani ya ua huo haizungumzwi, hasa ya watoto ambao hawana ovaroli wala hawajui petroli ni nini. Wengi huogopa injini isimwangukie mtu, na ni kweli inaweza kuua. Lakini kinachomfikia mtoto mara nyingi zaidi ni vitu vidogo: chupa ya soda iliyotiwa petroli, vumbi la klachi, moshi usioonekana na beseni lililokinga oili kisha likarudi bafuni.

Kwa nini gari hili linapendwa

Ukimuuliza mzee aliyekuwa kijana miaka ya 1970, huenda akakueleza habari za mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1960 zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Magari yalipita kwenye matope, vumbi na mashimo, na gari lililoshinda huko liliaminika mitaani.

Datsun 240Z lilishinda mbio hizo mara mbili. Mwaka 1971 liliendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun ya aina nyingine. Ndiyo maana gari la umbo la Z likionekana leo, hata likiwa limeota kutu, wapo watakaosimama kulitazama.

240Z lilitoka kiwandani na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Injini kama hiyo ikichoka, vipuri vyake ni vigumu kupata. Baba huyu ameamua kutumia injini ya mtumba iliyotoka kwenye Toyota Mark II, ile ya 1JZ-GE ya lita 2.5. Nayo ina silinda sita za mstari mmoja na imeundwa kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kama lilivyo 240Z. Mafundi wengi wanaifahamu.

Sababu ya kutaka gia za mkono ni ya kifamilia pia. Magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani siku hizi ni ya otomatiki. Baba anataka mwanawe siku moja ajue kukanyaga klachi, kusikiliza injini na kubadili gia kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Kwa jiji lenye vilima na miamba kama Mwanza, hilo si jambo dogo.

Siku ya kutoa injini

Kazi huanza kwa kumwaga vimiminika: petroli, oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Hapa ndipo ajali ya kwanza hutokea, tena bila kishindo.

Fundi anatafuta chombo. Karibu yake kuna chupa tupu ya maji ya kunywa. Anaijaza petroli, anaiweka kivulini na kuendelea na kazi. Mtoto wa miaka miwili aliyezoea kupewa maji kwenye chupa hiyo hiyo hawezi kujua tofauti. Anafungua, anakunywa funda moja, anakohoa.

Hatari kubwa ya petroli kwa mtoto haiko tumboni. Petroli ni nyepesi, na mtoto anapokohoa au kutapika huteleza na kuingia kwenye njia ya hewa. Ikifika kwenye mapafu huleta uvimbe mkali unaofanana na nimonia, na hali inaweza kuharibika ndani ya saa chache hata kama mwanzoni mtoto alionekana mzima.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula kwa kuamini yatakata sumu, kwani yanaweza kumfanya atapike. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu aone alichokunywa. Mtu mzima anayenyonya petroli kwa mpira naye yuko kwenye hatari ileile. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ni kifaa rahisi, na inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko mdomo.

Kanuni ya nyumbani iwe moja: petroli, oili, maji ya betri na maji ya rejeta yenye dawa havikai kamwe kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa dakika tano. Dawa ya rejeta ina ladha tamu na ni sumu kwa figo. Viwekwe kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza, yaandikwe, na yafungiwe juu.

Baada ya hapo inakuja zamu ya uzito. Injini ya silinda sita pamoja na gia boksi yake ina zaidi ya kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi yenye kilo mia mia. Haibebwi kwa kamba ya kufungia ng'ombe wala kuning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Inahitaji winchi ya mnyororo iliyo kwenye miguu imara, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Uani kwenye kilima, ambako ardhi imeinama na chini ni kokoto, kazi hiyo ni afadhali ipelekwe gereji.

Kwa dakika zote ambazo injini iko hewani, watoto wawe ndani na mlango ufungwe. Mtu mzima mmoja akae nao, kazi yake ikiwa hiyo tu. Na hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kinachoshikilia gari ni stendi za chuma, si matofali wala mawe yaliyopangwa.

Weusi unaobaki mikononi

Injini ya zamani ikishatoka, inafunguliwa. Ndani yake kuna masizi na oili iliyokaa miaka mingi. Gari la mwaka 1971 lilitumia petroli iliyochanganywa na madini ya risasi, ambayo ilikuwa mafuta ya kawaida duniani wakati huo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Petroli hiyo haipo tena vituoni, lakini mabaki ya risasi yanaweza kuwa bado yameganda ndani ya injini na bomba la moshi. Risasi ipo pia kwenye betri, na kwenye maungio ya rejeta za shaba za zamani ambazo mafundi huziba kwa kuzichoma.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Linaeleza pia kuwa mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Madhara yake hayaonekani kama jeraha. Huonekana miaka ya baadaye, kwa mtoto anayeshindwa kutulia darasani, anayechelewa kujifunza au mwenye upungufu wa damu usioeleweka chanzo chake.

Mtoto haimezi kwa sababu alilamba injini. Anaimeza kwa sababu baba alimaliza kukwangua masizi, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia sebuleni na kumbeba. Au kwa sababu nguo za kazi zilifuliwa beseni moja na nepi.

Oili chafu nayo ina shida zake. Ikitumika ndani ya injini hukusanya kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta, na baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani ya ngozi zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi. Mazoea ya kunawa mikono kwa petroli yanaongeza tatizo, kwa sababu petroli ina benzini, kemikali inayohusishwa na saratani ya damu, na hupenya kwenye ngozi. Mafuta kidogo ya kula yaliyochanganywa na sukari, kisha sabuni na maji, hutoa grisi bila madhara hayo. Glavu zikivaliwa tangu mwanzo, kazi ya kunawa inakuwa nyepesi.

Oili iliyomwagwa haibaki uani. Mvua ya Mwanza ikinyesha, maji hushuka kutoka milimani kwa kasi, yanaingia kwenye mitaro, mengine yanafika Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Ziwa hilohilo ndilo linalotoa samaki wa kitoweo, na huko Capri Point ndiko kwenye chanzo cha siku nyingi cha maji ya bomba ya jiji. Oili ikusanywe kwenye dumu na kupelekwa gereji au kituo kinachokusanya oili chafu. Ikidondoka chini, imwagiwe mchanga au maranda, ikombwe na kutupwa mbali na wanakochezea watoto.

Kuhusu beseni, mama mwenye nyumba ana haki ya kuwa mkali. Beseni, sufuria au ndoo iliyokinga oili hairudi jikoni wala bafuni hata ikisuguliwa mara tatu. Imekuwa mali ya gereji.

Vumbi la klachi

Kati ya injini na gia boksi ya mkono kuna klachi. Sahani yake husuguana kila dereva anapobadili gia, na unga wake hujikusanya ndani ya nyumba ya klachi. Magari ya miaka ya 1970 yalitumia sana asbesto kwenye sahani za klachi, viatu vya breki na baadhi ya gasketi kwa kuwa inahimili joto.

Nyuzi za asbesto ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Zikivutwa na kukaa kwenye mapafu zinaweza kusababisha saratani, na ugonjwa huo huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Mtoto anayevuta vumbi hilo leo ana umri mrefu mbele yake wa ugonjwa kukomaa.

Kosa la kawaida ni kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa au kulipiga kwa brashi kavu. Namna iliyo salama zaidi ni kulilowesha kwa maji yenye sabuni, kulifuta kwa kitambaa kikiwa bado na unyevu, na kukifunga kitambaa hicho kwenye mfuko wa plastiki. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Siku ya kufungua klachi na breki za zamani, nguo zianuliwe, madirisha yafungwe na watoto waende kwa bibi.

Kufunga injini na gia boksi

Sasa kazi inageuka kuwa ya kupendeza, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kujifunza fizikia ambayo ubao haumwonyeshi.

Kama injini ya Mark II ilitoka kwenye gari la otomatiki, haiwezi kupokea klachi hivi hivi. Inahitaji flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo sahani ya klachi hulishika na kuliachia. Mwisho wa kranki panahitajika beringi ndogo ya kushikilia ncha ya shafti ya gia boksi. Ikisahaulika, gia zitapiga kelele na kugoma, na injini itabidi itolewe tena. Ndani ya gari panaongezwa pedali ya tatu na masta silinda ya klachi. Chini, vishikizo vya injini vinachomelewa upya, na propela shafti inakatwa au kurefushwa kulingana na mahali gia boksi ilipoishia, kisha inasawazishwa ili isitetemeke. Fundi anapima pia kama bakuli la oili haligusi fremu, na kama kontroli boksi ya injini itakubali kufanya kazi bila gia boksi ya otomatiki iliyoizoea.

Kati ya yote hayo, mzazi afuatilie mambo mawili hata kama hajui kushika spana.

La kwanza ni njia ya mafuta. Injini ya kabureta huletewa petroli kwa msukumo mdogo. Injini ya nozeli huhitaji msukumo wa karibu mara kumi zaidi. Mipira ya zamani na klipu zake haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikiachwa, inaweza kupasuka au kuvuja matone juu ya bomba la moto, na gari likawaka na watu ndani. Pampu, mipira na klipu ziwe za injini ya nozeli, na mafuta yanayorudi tangini yawe na njia yake.

La pili ni breki. 240Z lina breki za diski mbele na za ngoma nyuma, zilizoundwa kwa nguvu za injini ya miaka 50 iliyopita. Injini yenye nguvu zaidi ikifungwa bila kukagua breki, gari litajua kwenda kuliko kusimama. Fedha ikipungua, breki zitangulie na redio isubiri.

Wakati wote wa kuchomelea, tangi la petroli liwe limeondolewa na kuwekwa mbali, na mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mahali mkono unapofika. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwani huuelea na kuusambaza. Mchanga au poda ndivyo huufunika. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inafaa kila mwenye umri wa kushika simu nyumbani aijue kwa kichwa.

Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Siku ya kuwasha injini huwa kama sherehe. Majirani huja, simu hutolewa, na injini hunguruma kwa mara ya kwanza. Kisha huachwa ikizunguka nusu saa fundi akisikiliza na kurekebisha.

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikivutwa hung'ang'ania chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Gari lililoondolewa kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega, hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi. 240Z la awali halikuwa nacho kabisa. Injini ya Mark II ikija na masega yake, yaachwe yalipo.

Msimu wa mvua ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa turubai hufungwa pande zote kuzuia maji, au gari husukumwa ndani ya banda. Moshi unakosa pa kutokea na hupenya kwenye dirisha la chumba cha watoto.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Kanda ya Ziwa, mtoto mwenye dalili hizo mara moja huambiwa ana malaria. Lakini kaboni monoksidi haileti homa, na mara nyingi hukamata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, wakapata nafuu wakitoka nje. Likitokea hilo, injini izimwe, wote watoke kwenye hewa safi, na wapelekwe hospitali. Huko mzazi amwambie mhudumu kuwa kulikuwa na injini inayowaka karibu, kwa sababu bila maelezo hayo huenda kipimo cha kwanza kikawa cha malaria na muda ukapotea.

Kila mtoto na nafasi yake

Kumfukuza mtoto kila anapokaribia si dawa. Atarudi wakati hakuna anayemwona. Ni bora kila mmoja apewe kazi ya umri wake, na mpaka unaoeleweka.

Mtoto chini ya miaka mitano hana kazi kwenye gereji. Awe upande wa pili wa uzio au mlango uliofungwa, na akitaka kuona, abebwe na mtu msafi aliyesimama mbali, injini ikiwa imezimwa.

Wa shule ya msingi anaweza kuchora mpangilio wa nyaya, kuandika orodha ya vipuri, kubandika majina kwenye makopo na kupanga nati mpya ambazo hazijaguswa na oili. Anavaa viatu vilivyofunika mguu na hapiti chini ya kilichoinuliwa.

Kijana wa sekondari anaweza kushika spana akiwa na glavu na miwani ya kukinga macho, kufunga vishikizo, kupima propela shafti na kusoma mchoro wa umeme. Asitumwe kuchomelea, kumwaga petroli wala kufungua klachi ya zamani. Anaweza kujifunza mfuatano wa klachi na gia injini ikiwa imezimwa. Barabarani atasubiri, kwa kuwa leseni ya kuendesha gari hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18.

Mjamzito naye akae mbali na masizi, rejeta inayochomwa na petroli, kwa kuwa risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Likitokea la kutokea, huduma ya kwanza ni ya haraka. Maji ya betri yakiruka machoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 mfululizo, kisha hospitali. Mtu akiungua kwa maji ya rejeta, sehemu hiyo ipoozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Isipakwe dawa ya meno, asali wala yai. Mwanza ina Hospitali ya Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, lakini kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kukimbilia kwanza.

Karatasi nazo

Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya injini na namba ya chasisi. Injini ikibadilishwa, namba ya kwenye kadi hailingani tena na iliyopo. Baba ahifadhi risiti ya alikonunua injini, aripoti mabadiliko TRA ili kadi irekebishwe, na aijulishe kampuni ya bima. Asipofanya hivyo, siku ya ajali familia inaweza kujikuta inabishana kuhusu gari badala ya kuuguza mtu. Risiti inamlinda pia dhidi ya kununua injini ya wizi.

Viti viwili

Siku inafika gari linatoka getini kwa nguvu zake lenyewe. Rangi bado ina viraka, lakini gia ya kwanza inaingia laini, na kijana aliyeshika tochi miezi yote hiyo anajua kwa nini.

Hapo ndipo linabaki jaribu la mwisho. Datsun 240Z lina viti viwili tu. Nyuma yake ni sehemu ya mizigo iliyo wazi, haina kiti wala mkanda. Watoto watataka kupanda wote, na majirani watasema si mbali, ni hadi barabara kubwa tu. Jibu la baba liwe hapana. Aende na mmoja, amfunge mkanda, arudi, amchukue mwingine.

Safari ya kwanza ni ya kijana wa tochi. Ya pili ni ya aliyehesabu nati. Kitinda mimba atapunga mkono akiwa begani kwa mama, kwa sababu hakuna kiti cha kumtosha humo. Atalia kidogo, kisha atasahau. Mikono yake haina oili, kifua chake hakikohoi, na gari la babu zake wa Safari litakuwa bado lipo siku akifikisha umri wa kulikalia.